Waifai ya Mhandisi

Mume wa dada yangu anaitwa Mhandisi, na kama jina lingekuwa suruali, hilo lingeburuzika chini akitembea. Hakusomea uhandisi. Hakusomea kitu chochote kinachohusu waya, umeme wala mashine. Ujanani alikaa mapokezi kwenye kampuni moja iliyouza kompyuta: aliwakaribisha wateja, akawaonyesha viti, akaenda ndani kuwaita mafundi. Kazi ya mapokezi haina aibu. Aibu ni kampuni kufungwa, kila mtu akaenda zake, na wewe wa mapokezi ukatoka pale na mwendo wa fundi mkuu. Alichojifunza kwa mafundi wale ni kuguna tu. Mpaka leo ukimpelekea kitu kibovu kwanza ataguna, halafu atakigeuzageuza, halafu atakuuliza kwa sauti ya hakimu, "Nani amekigusa hiki kabla yangu?"

Siku hizi anauza bima. Hata hivyo mfuko wa shati lake, pale wauza bima wenzake wanapoweka kalamu, yeye anaweka bisibisi. Anakwenda nayo kwa wateja, anakwenda nayo arusini. Kuna msiba mmoja nilimkuta ameinama chini ya kiti anakaza skrubu, wenye msiba wakilia juu ya kichwa chake.

Lakini cheo hakujipa peke yake. Kilemba cha ukoka tulimvisha sisi, na aliyekifunga vizuri ni mama yetu. Siku alipokuja nyumbani kujitambulisha, redio ya mama ilikuwa imegoma. Akaichukua, akaguna, akaipiga kibao ubavuni, ikalia. Mama akapiga vigelegele kana kwamba mtu kafufuka. "Huyu si mkwe tu," akasema, "huyu ni mhandisi." Tangu siku hiyo ikawa sheria ya ukoo wetu: fundi wa nje haingii. Ukimleta umemvunjia mkwe heshima, na ukimvunjia mkwe heshima umemvunjia mama. Kwa hiyo mkwe akatengeneza pasi, pasi ikachoma gauni la shangazi. Akatengeneza friji la mama, na friji hilo leo linatunza sufuria. Kila anapoharibu, mama anasema kitu chenyewe kilikuwa kimeshazeeka. Na sisi wengine tunaitikia kama wanakwaya.

Mimi nakaa kwa dada na Mhandisi, kwenye chumba cha nyuma karibu na jiko, na nafanya kazi za zamu katika duka la dawa. Ndiyo maana siwezi kusema nimesimuliwa. Niliyaona.

Dada yangu alikuwa mpiga chapa ofisini, na si mpiga chapa wa kubahatisha. Bosi alikuwa akisema, yeye anaandika, na bosi akinyamaza kumeza mate, barua imekwisha. Kitengo chao kilipofungwa aliruhusiwa kuondoka na kompyuta mpakato aliyokuwa akiitumia, la sivyo ingetupwa. Ni zito, hilo dude. Herufi zimefutika kwenye vitufe vyake kwa kazi, lakini dada haziangalii herufi. Alirudi nalo nyumbani akaliweka juu ya kabati, na yeye mwenyewe akawekwa jikoni. "Mke wangu hana haja ya kuhangaika," Mhandisi alikuwa akiwaambia wageni. Dada alikuwa akitabasamu. Mimi nilikuwa nikitoka nje.

Basi mwaka huu akapata kazi. Aliitafuta mwenyewe kwa simu, kimyakimya, watoto wakiwa shuleni. Kuna watu wanaofanya mikutano kwa mtandao, na kwenye mikutano hiyo wamo wasiosikia. Hutakiwa mtu anayesikiliza na kuandika hapohapo kila linalosemwa, ili wenzetu hao wasome kwenye kioo. Msimamizi alimpigia dada akamwambia Jumatatu saa tatu asubuhi watamjaribu kwenye mkutano wa kweli. Akamwambia na neno la mwisho: laini ikikatika katikati ya mkutano, nafasi itakwenda kwa mwingine, maana asiyesikia hawezi kuambiwa subiri mtandao urudi.

Sijamwona dada yangu akitembea vile tangu alipokuwa msichana. Alikuwa anafagia huku vidole vinapiga chapa kwenye mpini wa fagio.

Ijumaa jioni akaishusha kompyuta, akaifuta vumbi, akaiwasha. Ikawaka vizuri. Akatafuta waifai ya nyumbani, akaiona. Isingewezekana kutoiona, maana Mhandisi ameipa jina la MHANDISI MKUU kwa herufi kubwa ili hata majirani walione kwenye simu zao. Akaandika neno la siri. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikasema imeshindwa kuunganisha. Akarudia. Ikashindwa. Simu yake ilikuwa ndani ya waifai hiyohiyo, televisheni ilikuwa inacheza katuni kwa waifai hiyohiyo, lakini kompyuta ikakataliwa mlangoni.

Mhandisi akaingia, akaelezwa, akaguna.

"Nani ameigusa hii?"

"Ni mimi tu, mume wangu."

"Basi umekosea paswedi."

Anamwambia hivyo mtu aliyekula mshahara kwa kutokosea herufi. Akavuta kiti, akaandika neno la siri yeye mwenyewe kwa kidole kimoja, huku akilitaja kwa sauti. Ikashindwa. Akaandika tena polepole zaidi. Ikashindwa. Akasema ni virusi. Akaipuliza pembeni. Akasema mawimbi hayaifikii, akaibeba mpaka sebuleni ilipo ruta, ule mtambo unaotoa waifai, akainyanyua mbele yake kwa mikono miwili kama anayebatiza mtoto. Mawimbi yakaifikia na ikashindwa vilevile. Nikamuuliza kwa nini tusitumie waya tu. Hapo akanikata jicho, kwa sababu tundu la waya la kompyuta hiyo aliliharibu yeye, mwaka aliposukuma plagi ya simu ya mezani humo ndani kwa koleo, akisema itaingia tu.

"Kompyuta imezeeka," akasema mwisho, akachomoa bisibisi mfukoni. "Ni ya kufuta yote yaliyomo, tuanze upya."

Dada akaichukua kompyuta taratibu kutoka mikononi mwake. "Umechoka, mume wangu. Pumzika, tutaangalia kesho."

Nilipomfuata jikoni nikafungua mdomo. "Usimseme," akaniambia kabla sijaanza. "Ni mume wangu."

Jumamosi alipanga mambo kwa akili yake mwenyewe. Kwanza aliibeba kompyuta mpaka kwa jirani yetu mshonaji, akaomba neno la siri la kule. Ikaingia mara moja, bila kusuasua. Angefanyia kazi hukohuko, lakini kwa mshonaji cherehani tatu zinanguruma kutwa, na kazi yenyewe ni ya kusikiliza. Aliporudi akawasha mtandao wa simu yake, akaiunganisha kompyuta kwenye simu. Ikaingia pia. Ila ndani ya nyumba yetu simu hushika kwa kuvizia. Nilimpigia kwa mtandao kuijaribu, nikasema sentensi moja, ikafika vipande viwili. Ndiyo maana waifai ililetwa.

"Sasa tunajua," akaniambia, ameketi kitandani kwangu. "Kwa jirani inaingia, kwenye simu inaingia. Kompyuta ni nzima. Mgonjwa ni ruta."

Akasoma kwenye simu yake mpaka chai ikapoa. Kisha akanieleza, nikaelewa hata mimi ninayejua vidonge tu. Maneno yanayopita hewani katika waifai husimbwa, yaani huvurugwa kwa siri, ili jirani asiyasome. Usimbaji huo una vizazi. Kompyuta yake ni ya zamani, inajua usimbaji wa zamani, ambao kwa mshonaji unatumika na haujamdhuru. Ruta yetu ilikuwa imewekwa ule mpya kabisa peke yake, kwa hiyo hata uwe na neno la siri sahihi, mashine hizo mbili hazielewani lugha. Na dawa ilikuwepo humohumo kwenye mipangilio ya ruta: chaguo linalokubali usimbaji wa zamani na mpya kwa pamoja. Ni kubadilisha mstari mmoja.

Nikakumbuka pia ni nani aliyeuweka. Kijana wa kampuni alipotufungia ruta ile, kila kitu kiliingia, na kompyuta ya dada iliingia pia. Alipoondoka tu, Mhandisi akaingia kwenye mipangilio kuiboresha. Alikuta mahali pameandikwa kuwa usimbaji fulani ndio wenye nguvu kuliko yote, akauchagua, akabadilisha na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, lile ambalo si la waifai bali la mtambo wenyewe. Usiku ule alikula kifua mbele. "Mtaa mzima," alisema, "hakuna kufuli kama letu." Kompyuta ilikuwa juu ya kabati, haikuwa na la kusema.

Dada alimwendea kwa adabu ambayo mimi sina. Alimpelekea maji ya kunywa, akakaa chini kidogo yake. "Nimesoma mahali, sijui kama nimeelewa, wewe utanirekebisha," akaanza, akamwekea jibu mdomoni tayari limetafunwa. Alichotakiwa kufanya ni kumeza na kusema alikuwa akifikiria hilohilo. Tungempigia makofi, tumezoea.

"Unataka nishushe ulinzi wa nyumba yangu kwa ajili ya kopo hili?" akasema.

"Mpaka Jumatatu tu. Baadaye utaurudisha."

"Wezi wa mtandao hawangoji Jumatatu."

Tunamiliki nini cha kuibiwa na wezi wa mtandao? Picha za watoto na video zake za wanaume wengine wakitengeneza injini. Baadaye jioni hiyo nikaona jambo. Nilitoka chumbani kuchota maji, nikamkuta amesimama mbele ya ruta na simu mkononi, anaandika, anatikisa kichwa, anafuta, anaandika tena. Nilipokohoa alishtuka, akajifanya anafuta vumbi juu yake kwa kiganja.

Jumapili tulikwenda kwa mama, kama kawaida. Dada akalitaja jambo mezani, kwa unyonge, akitumaini mama atamsaidia. Mama hata hakuacha kutafuna. "Mkwe wangu amesema hapana, ana sababu zake. Mambo ya mashine mwachie mwenyewe."

"Mama," nikasema, "hebu muulize kama anaikumbuka paswedi ya kuingilia kwenye ruta."

Ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kumuuliza Mhandisi swali lenye jibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kusoma mbele ya watu na miwani ameisahau. Mkono ukapanda mfukoni kutafuta bisibisi, ukaikuta, ukaikumbatia.

"Mambo ya kiufundi hayazungumzwi wakati wa chakula," akasema.

"Umeisahau?" dada akamuuliza, taratibu kabisa.

"Mimi sisahau."

"Kama umeisahau si kitu. Kuna kitufe nyuma, ndani ya tundu. Kikibonyezwa ruta inarudi ilivyotoka kiwandani."

"Ukibonyeza pale umeiua. Na asiiguse mtu."

Mama akanigeukia mimi, akaniambia ulimi wangu ndio utakaonizuia kuolewa, na mazungumzo yakafungwa. Nimezisikia hekima nyingi katika maisha yangu, lakini ile ya kumlinda mjinga ili asijue kuwa ni mjinga bado sijaona imemsaidia nani.

Tukiwa njiani kurudi, Mhandisi akitembea mbele, akasema bila kugeuka, "Na kazi yenyewe, mtu anakuajiri hajawahi kukuona? Hao ni matapeli. Mpigie huyo msimamizi umwambie umeghairi. Labda ni heri imekuwa hivi."

Nilimtazama dada. Nikangoja aseme "sawa, mume wangu." Hakulisema.

Jumatatu asubuhi watoto walikwenda shule. Jumatatu Mhandisi hatoki mapema. Hukaa nyumbani kupanga wiki, yaani kutazama zile video za injini, na kabla ya hapo huoga kwa muda mrefu akiimba. Alipoanza wimbo wa kwanza, dada alikuja chumbani kwangu akanyoosha mkono.

"Nipe hereni yako."

Nikaivua. Akaenda sebuleni, akaigeuza ruta, akaingiza ncha ya hereni ndani ya tundu la nyuma, akabonyeza na kushikilia. Taa zote zikazimika. Nakiri niliogopa, kwa sababu hata mimi, pamoja na dharau zangu zote, kumbe nilikuwa nimemwamini Mhandisi kwamba itakufa. Bafuni mwimbaji aliingia kwenye kiitikio. Kisha taa ikarudi moja, ikarudi ya pili, zikakaa. Chini ya ruta kulikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa na kiwanda, yenye jina la waifai na maneno ya siri. Muda wote ule ilikuwa hapo, na Mhandisi aliyechomeka bisibisi kila mahali hakuwahi kuigeuza ruta akaangalia tumboni.

Dada akaandika neno la siri kwenye kompyuta. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaingia.

Kiwandani walikuwa wameiweka ikubali usimbaji wa zamani na mpya. Ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Kilichoiharibu ni kuboreshwa. Dada akaingia kwenye mipangilio, akaacha mstari ule ulivyo, akabadilisha maneno yote mawili ya siri, la mtambo na la waifai, akaja chumbani kwangu kwenye utulivu, akafunga mlango. Saa tatu ilipogonga nilisikia vitufe vimeanza.

Mhandisi akatoka kuoga. Simu haina mtandao. Televisheni haina mtandao. Ile MHANDISI MKUU haionekani popote hewani. Akazunguka sebule, akapanda kiti, akashuka, akaja jikoni na taulo shingoni.

"Shemeji, mtandao umekufa. Mtaa mzima umekufa nafikiri."

"Pole," nikamwambia.

Akasikia vitufe. Akaenda akasukuma mlango wa chumba changu, nami nyuma yake. Dada alikuwa ameketi wima, visikizio masikioni, mabega yametulia, vidole vinakwenda. Kwenye kioo maneno ya watu tusiowajua yalikuwa yanatokea mstari kwa mstari, watu wanajadili barabara na maji, mmoja anamkatiza mwenzake, na yote yanashuka safi.

"Umefanya nini? Nipe paswedi."

Hakugeuka. Alisogeza kisikizio kimoja kidogo, mkono mwingine haukuacha kuandika. "Subiri. Niko kazini."

Akasimama akitazama kioo. Kisha akageuka akaenda sebuleni kwa hatua za haraka, akainama, akashika plagi ya ruta ukutani. "Lazima niizime niikague," akasema. "Imechezewa hii."

Nilijipenyeza kati yake na ukuta. "Shemeji, ukiichomoa hiyo, leo hii nakwenda kwa mama. Namwambia uliisahau paswedi tangu Jumamosi na nilikuona unaibahatisha. Halafu namwambia na habari za koleo."

Kwa heshima ya mke wake asingeiacha plagi ile. Kwa heshima ya mama mkwe aliiacha. Akakaa kwenye kochi na taulo lake, akashika simu isiyo na kitu, na kwa saa nzima tulisikiliza vitufe sisi wawili. Sijawahi kufurahi hivyo na sitaomba radhi.

Dada alipotoka alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Wamesema nianze wiki hii," akaniambia mimi. Nikamkumbatia. Mhandisi akainuka, akakohoa, akairudisha bisibisi mahali pake.

"Unaona sasa," akasema. "Ule mtambo niliuchagua mzuri. Nilijua tu utakubali."

Dada akamwangalia. Nilijiandaa kusikia lolote, hata kelele. Alizungumza kama mtu anayesoma alichokwisha kuandika.

"Kutojua ningekusamehe. Nimekusamehe pasi, nimekusamehe friji. Lakini ulipenda mimi nishindwe kuliko wewe useme hujui."

Mhandisi alitafuta kwa macho mtu wa kumtetea, na mama hakuwepo. Akafungua mdomo, hata kuguna akashindwa. Bafuni maji yalikuwa yakidondoka tone kwa tone, kwenye bomba lile alilolikaza yeye.

Baadaye kidogo akanyoosha simu. "Sasa mimi nitaingiaje?"

Dada akamtajia neno jipya la siri, herufi moja moja. Akaliandika kwa kidole chake kimoja, akakosea, dada akamtajia tena tangu mwanzo.